Nilifuta jibu sahihi ili ubishi uishe

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana mwenye umri wa miaka 23, mwanachuo wa mwaka wa pili wa stashahada ya ualimu wa sekondari, na masomo yangu ni Fizikia na Hisabati. Tangu mwaka wa kwanza tuna kikundi cha majadiliano cha watu watano: kaka mmoja mwenye miaka 31 ambaye alifundisha kwa kujitolea kabla ya kujiunga na chuo, vijana wawili wa rika langu, dada mmoja ninayelala naye chumba kimoja bwenini, na mimi. Tunakutana jioni tatu kwa wiki katika darasa lililo wazi, kuanzia saa mbili usiku hadi taa za madarasani zinapozimwa saa tano. Tulijiwekea sharti la kuzungumza Kiingereza tu, kwa kuwa ndiyo lugha ya mitihani.

Yaliyotokea mwezi uliopita ndiyo yaliyonifanya nikuandikie. Tulikuwa tunapitia maswali ya miaka iliyopita, tukafika swali linalosema hivi: mtu amekaa ndani ya mtumbwi katika bwawa dogo, na ndani ya mtumbwi mna jiwe zito; akilitupa jiwe hilo majini likazama, je, kina cha maji ya bwawa kitapanda, kitashuka, au kitabaki palepale? Mimi nilikuwa nimeshalifanya swali hilo peke yangu mchana, na katika daftari nilikuwa nimeandika kwa penseli kwamba kitashuka. Kaka akasema kitapanda, kwa sababu jiwe lililokuwa nje ya maji sasa limeingia majini. Kijana mmoja akasema kitabaki palepale, kwa kuwa jiwe lilikuwa bwawani tangu mwanzo, tofauti ni kwamba lilikuwa ndani ya mtumbwi. Wakabishana karibu saa nzima, kila mmoja akirudia lilelile kwa sauti ya juu zaidi. Dada mwenzangu alipojaribu kusema kwamba yeye anaona kama maji yatashuka, kaka akamwambia mbele yetu sote kwamba mtu mwenye alama kama zake angesikiliza kwanza. Akanyamaza. Mimi nikachukua kifutio, nikafuta jibu langu, nikaandika kwamba kitapanda, kwa sababu nilitaka ubishi uishe tuendelee na swali linalofuata. Wiki mbili baadaye swali hilohilo lilitoka katika mtihani wa katikati ya muhula. Nikaandika kitapanda, nikakosa.

Tangu usiku ule dada yule haji tena kwenye kikundi. Vijana wawili wanapendekeza tuweke sharti jipya kwamba hakuna kubishana: mmoja awe anasoma maelezo, wengine wasikilize, na mwenye swali akamwulize mkufunzi kesho yake. Nami nimelelewa katika nyumba ambamo mtoto wa kike anayebishana na aliyemzidi umri huhesabiwa kuwa hana adabu, kwa hiyo sharti hilo linanivutia. Hata hivyo moyo haujatulia. Naomba uniambie, Mwalimu: ubishi unamsaidia mtu kujifunza au unamzuia? Nikubali sharti hilo, au niache kikundi nisome peke yangu?

Mwanachuo, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama mahali pamoja, pale unapochukua kifutio. Umeniuliza kuhusu ubishi, lakini katika usiku ule wote unaonisimulia, watu wawili kati ya watano mlikuwa na jibu sahihi na hakuna hata mmoja wenu aliyepata kulitetea: mmoja alikatizwa kwa maneno ya kumvunja moyo, mwingine akajikatiza mwenyewe. Kelele mlizozisikia kwa saa nzima zilikuwa kati ya jibu moja lenye kosa na jibu jingine lenye kosa. Ubishi mliouhitaji usiku ule haukutokea kabisa, na mnataka kuupiga marufuku kabla hamjauonja.

Tuanze na swali lenyewe, maana sipendi kuzungumza juu ya kujifunza huku jambo la kujifunza limeachwa mlangoni. Tafuteni ndoo ya lita 20, sufuria ndogo inayoweza kuelea ndani yake, na jiwe la mizani la kilo moja, lile la chuma wanalotumia wauza nafaka sokoni. Mkiomba vizuri mtaazimwa kwa nusu saa. Msitumie beseni, kwa sababu beseni ni pana na badiliko la maji litakuwa dogo mno kuonekana. Jazeni ndoo hadi kati, eleesheni sufuria, wekeni jiwe katikati ya kitako cha sufuria ili isipinduke, kisha pigeni mstari kwa kalamu ya wino mzito pale maji yalipofika. Sasa lichukueni jiwe mlishushe taratibu hadi chini ya ndoo, sufuria ibaki inaelea tupu. Maji yatakuwa yameshuka chini ya mstari kwa zaidi kidogo ya sentimita moja. Jiwe linapobebwa na sufuria inayoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake, yaani kilo moja ya maji, ambayo ni sentimita za ujazo 1,000. Likilala chini ya ndoo husukuma maji yenye ujazo sawa na wake tu, na kilo moja ya chuma ina ujazo usiozidi sentimita za ujazo 140 hivi. Jibu lako la penseli lilikuwa sahihi.

Lakini hebu yatazame tena majibu mawili yaliyokuwa yakigombana, kwa sababu hapo ndipo penye mali. Kaka aliona kwamba jiwe lililozama linasukuma maji, na hilo ni kweli. Kijana aliona kwamba jiwe lilikuwa linasukuma maji tangu lilipokuwa ndani ya mtumbwi, na hilo pia ni kweli, tena ndilo gumu zaidi kuliona. Kila mmoja alishika mkononi nusu ya kanuni ya Archimedes, ile inayoeleza jinsi vitu vinavyosukuma maji. Kama mmoja wao angenyamaza kwa dakika moja na kusema, "Ngoja, kumbe jiwe linasukuma maji katika hali zote mbili, sasa ni katika hali ipi linasukuma mengi zaidi?", swali lingekuwa limeshafunguka, na wewe na dada yako mngekuwa na mahali pa kuingilia. Majibu mawili yenye kosa yalikuwa yamebeba jibu sahihi kati yao. Saa nzima ikapita bila mtu kuliona, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anaangalia jinsi ya kushinda, na hakuna aliyeinuka kwenda kutafuta ndoo.

Jambo hili limepimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Eric Mazur, aligundua kwamba wanafunzi wake waliweza kukokotoa maswali marefu ya fomula lakini wakashindwa maswali mepesi ya kuelewa, kama hili la mtumbwi. Akabadili ufundishaji wake. Alikuwa akitoa swali, kila mwanafunzi analijibu peke yake kwanza na jibu lake linakusanywa. Kisha anawaambia wamtafute jirani mwenye jibu tofauti wajaribu kushawishiana kwa sababu. Kisha wanajibu tena, na mwisho ndipo mwalimu anaeleza. Majibu sahihi yaliongezeka baada ya mazungumzo yale. Wapo waliosema kwamba pengine wanyonge wanawafuata tu wenye uwezo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado wakalipima hilo katika darasa la jenetiki: baada ya mazungumzo waliwapa wanafunzi swali la pili linalofanana na la kwanza, kila mtu alijibu peke yake, wakaona kwamba uelewa umepanda hata katika vikundi ambavyo mwanzoni hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye jibu sahihi. Nusu mbili za ukweli zilikutana, kama ambavyo zingeweza kukutana darasani kwenu.

Naomba uangalie mpangilio wa Mazur, kwa sababu kikundi chenu kilifanya kinyume chake. Kwake kila mtu anajifunga kwa jibu lake kabla hajasikia la mwenzake. Kwenu aliyetangulia kusema ni mkubwa kwa umri, mwenye uzoefu wa kufundisha na sauti kubwa kuliko wote, na aliyekuwa na jibu sahihi alikuwa ameliandika kwa penseli. Mwanangu, kuanzia leo andika majibu ya kikundi kwa wino. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa na uandike jipya chini yake, ili daftari likuonyeshe ulikotoka na sababu iliyokubadilisha. Jibu lililofutwa halikufundishi kitu. Limeondoka pamoja na sababu zake, na wiki mbili baadaye mbele ya karatasi ya mtihani ulibaki na neno la mtu mwingine ambalo hukulielewa hata wakati unaliandika.

Usidhani kwamba wewe ni dhaifu kuliko wengine. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa saikolojia nchini Marekani, Solomon Asch, aliwakalisha watu katika vikundi na kuwaonyesha mistari, akawauliza ni upi unaolingana na mstari wa mfano. Swali lilikuwa jepesi kiasi kwamba mtu akiwa peke yake ni nadra kukosea. Lakini katika kila kikundi mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akipimwa. Wengine walikuwa wamepangwa na kuelekezwa kutoa jibu baya kwa pamoja. Katika raundi walizodanganya, karibu theluthi moja ya majibu ya waliopimwa yalifuata kosa la kundi, na wengi wao walilifuata angalau mara moja, ilhali ukweli uko mbele ya macho yao. Kisha Asch akabadili jambo moja: akamweka mtu mmoja zaidi anayesema jibu sahihi. Kufuata kundi kukapungua sana. Mwenzi mmoja alitosha.

Sasa rudi usiku ule. Dada yako alisema maji yatashuka. Wewe ulikuwa na jibu hilohilo mbele yako, kwa mwandiko wako. Kama ungesema, "Hata mimi nimepata kitashuka, na sababu yangu ni hii," asingebaki peke yake, wala wewe usingebaki peke yako. Silisemi hili kukulaumu. Nalisema kwa sababu naamini dada yule hakuacha kikundi kwa ajili ya maneno ya kaka pekee. Unalala naye chumba kimoja. Mwonyeshe alama ya kifutio katika daftari lako, umwambie kilichokuwa kimeandikwa pale. Nadhani hilo litamrudisha haraka kuliko kumbembeleza.

Wahenga wetu walisema wengi wape, na usipowapa watachukua kwa mikono yao. Ni neno zuri la kugawia nyama na la kuamulia mahali pa kuchimba kisima, lakini halifai katika fizikia. Maji katika ndoo hayahesabu kura. Katika kikundi cha kusoma, watatu wakikubaliana dhidi ya wawili, idadi hiyo haithibitishi lolote zaidi ya kwamba kuna jambo ambalo bado halijaeleweka kwa wote, na hapo ndipo pa kukaa.

Nizungumzie pendekezo la vijana wawili, kwa maana lina chembe ya haki ndani yake. Yapo mambo ambayo ubishi juu yake ni kupoteza mafuta. Maana ya neno la kitaalamu, kizio cha kupimia kani, thamani ya namba isiyobadilika: hayo yako kitabuni, fungueni kitabu mwendelee. Vilevile mtu ambaye hajasoma kabisa mada hana la kubishania. Kilichobaki kwake ni kukisia, na makisio yakigongana hayazai kitu. Na saa nne na nusu usiku, baada ya siku nzima ya vipindi, watu wanagombana kwa uchovu na kuuita mjadala. Hayo yote naafiki yapunguzwe. Lakini mkikubali kwamba mmoja asome na wengine wasikilize, mtakuwa mmetengeneza darasa la usiku lenye mwalimu asiye na cheti. Mtatoka na hisia kwamba mmeelewa, kwa kuwa maelezo yaliyosomwa vizuri huingia masikioni laini, na hisia hiyo itawadanganya hadi siku ya mtihani. Mtu hugundua kwamba hajaelewa pale anapolazimika kumpa sababu mwenzake asiyekubali. Mkufunzi wa kesho yake naye ataulizwa swali gani, ikiwa kosa halijapata nafasi ya kujitokeza?

Kuhusu lugha, hapa nasema kwa uzito wote nilio nao. Liondoeni sharti la Kiingereza tu. Nimefundisha miaka mingi, na nimeona wanafunzi wenye akili kali wakigeuka mabubu kwa sababu hoja iliyo wazi kichwani mwao kwa Kiswahili inavunjika mdomoni wanapotafuta maneno. Katika hali hiyo anayeshinda mjadala ni mwenye Kiingereza kinachotiririka, hata kama hoja yake haina miguu. Najua mitihani yenu ni ya Kiingereza, na lazima muweze kuandika kwa lugha hiyo. Basi bishaneni kwa Kiswahili mpaka jambo lieleweke, kisha kila mmoja aandike jibu lake kwa Kiingereza na kulisoma kwa sauti. Huenda dada yako alikuwa na sababu nzuri ya jibu lake, ila sentensi ya Kiingereza ya kuibeba haikumjia haraka, na kaka hakumpa muda.

Tukija kwa kaka huyo, alifanya kosa moja ambalo mimi nalihesabu kubwa kuliko kukosea swali. Aliulizwa juu ya maji akajibu juu ya alama za mtu. Tangu hapo hapakuwa tena na mjadala wa fizikia mezani. Palikuwa na swali la nani ana akili na nani hana, na swali hilo likishaingia kila mtu hulinda heshima yake, ushahidi hata uwe mkubwa vipi. Ubishi wa namna hiyo unazuia kujifunza, nami siutetei hata kidogo. Hata hivyo usimhukumu moja kwa moja. Mtu aliyesimama mbele ya wanafunzi kabla hajajiunga na chuo, kisha akakaa dawati moja na vijana aliowazidi miaka minane, ana jambo zito analolilinda. Mfuate akiwa peke yake, mchana, mkiwa mmekaa, umwambie kwa heshima, "Kaka, swali la mtumbwi lilitutoa jasho sote, nimepata njia ya kulijaribu, naomba uje tulijaribu pamoja." Hutakuwa umemshinda mbele ya watu, na maji yatakaposhuka hatakuwa ameshindwa na wewe. Husemwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini mtu hukubali kwa urahisi zaidi akishindwa na ndoo kuliko akishindwa na mdogo wake.

Umenieleza malezi ya nyumbani kwenu, nami siwezi kukuambia uyatupe. Adabu ni yako, baki nayo. Lakini adabu na hoja havijawahi kugombana katika lugha yetu. Malenga wamejibizana kwa beti tangu kale, na aliyelelewa vyema huanza kwa kumsalimu na kumsifu mwenzake kabla hajaichambua kauli yake ubeti kwa ubeti. Katika miaka ya 1970 washairi walioshika mapokeo, yaani wanamapokeo, na waliotaka mtindo mpya, yaani wanausasa, walivutana vikali kuhusu kama shairi lisilo na vina na mizani ni shairi, na kwa mvutano ule wote walilazimika kueleza kwa maandishi shairi la Kiswahili ni nini hasa, jambo ambalo kabla ya hapo wengi waliliona halihitaji kuelezwa. Kwa hiyo sema, "Kaka, samahani, nimekusikia, ila mimi nimepata vingine, naomba nieleze sababu." Sentensi hiyo ina adabu yote ya nyumbani kwenu na hoja yako yote.

Kuna jambo jingine linalonifanya nikuandikie kwa urefu huu, nalo ni kazi unayoisomea. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba huko Tanga, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, na kwa kawaida waliyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friji. Siku moja nafasi katika friji zilikuwa zinakwisha, Mpemba akaweka yake yakiwa bado ya moto, akakuta yameganda kabla ya yale ambayo mwenzake aliyaweka bila hata kuyachemsha. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akauliza tena, na mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likalichukua neno hilo. Tangu hapo kila alipokosea kitu, wenzake walikiita cha Mpemba.

Kijana yule hakufuta. Mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, Denis Osborne, alipokuja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama akauliza swali lake huku wenzake wakimcheka. Osborne hakuamini alichokisikia, lakini aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanyike. Fundi wa maabara alileta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, na akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, na jambo hilo likapewa jina la Mpemba duniani kote.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa na kuishia hapo, mwanafunzi akiwa mshindi. Mimi nataka ukifuate mbele zaidi. Wanasayansi hawajaacha kubishana kuhusu jambo hilo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima kwa makini upoaji wa maji, wakaeleza kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha kuwa maji ya moto hutangulia, na wakaonyesha jinsi kosa dogo la mahali pa kuweka kipimajoto linavyoweza kumdanganya mpimaji. Wengine bado wanaendelea kulichunguza. Kwa hiyo huenda ikaja kuonekana kwamba Mpemba hakuwa amegundua kanuni ya maji yote. Mimi naona heshima yake haipungui hata kidogo. Alisema alichokiona, akakitolea maelezo yanayoweza kujaribiwa, akasubiri majibu ya friji. Walimu wawili waliomkatiza walikuwa na elimu kubwa kuliko yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekwenda kuweka vikombe viwili kwenye friji, kazi ya mchana mmoja.

Mwaka kesho kutwa utakuwa mbele ya darasa lenye watoto sitini, na mmoja atanyanyua mkono aseme jambo linalopingana na ubao. Utakachomjibu unajifundisha sasa, katika darasa lile la usiku. Ukizoea kwamba anayebisha anyamazishwe ili kipindi kiendelee, ndivyo utakavyofundisha.

Kwa hiyo usiache kikundi, na usilikubali sharti lile. Rudini wote watano Jumamosi mchana, mkiwa hamjachoka. Kila swali la kuelewa, mjipe dakika tatu za kimya, kila mtu aandike kwa wino jibu na sentensi moja ya sababu. Kisha mzisome kwa zamu mkianza na mdogo, mkubwa wa mwisho. Mkipishana, asijibu mtu kabla hajairudia hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe aseme, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Na mkiona mmerudia jambo mara mbili bila kusogea, nyamazeni mtafute cha kupima, au kama hakipimiki chuoni, liandikeni swali mlipeleke kwa mkufunzi pamoja na majibu yote yanayopingana. Mtihani ule uliokosa, umpelekee pia, umweleze ulivyokuwa umepata kabla ya kufuta. Alama hazitarudi, ila atajua kikundi chenu kimekwama wapi.

Jiwe la mizani likishafanya kazi yake, lirudisheni sokoni, kisha mchukue kipande kikavu cha mti kinachoelea, mkiweke ndani ya sufuria ileile, mpige mstari mpya kwenye ndoo, halafu mkitoe mkiweke majini kielee pembeni mwa sufuria. Kabla hamjakigusa, kila mmoja aandike kwa wino maji yatafanya nini na kwa nini. Safari hii jibu silitoi mimi. Niandikie uniambie nani alisema nini, na dada yako awe wa kwanza kusoma jibu lake.